Prof. Schlick: kauawa Juni, Julai anashtakiwa yeye

Kisa chenyewe ni hiki. Jumatatu ya tarehe 22 Juni 1936, saa tatu na dakika ishirini hivi asubuhi, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Vienna anapanda ngazi kwenda kufundisha, na pale pale kwenye ngazi kuna mwanafunzi wake wa zamani anamsubiri na bastola, tena mwanafunzi ambaye udaktari wake ulisimamiwa na profesa huyo huyo. Risasi nne. Profesa anafia hapo hapo. Muuaji hakimbii, anabaki eneo la tukio mpaka anakamatwa, wala hashindani na mtu. Marehemu ni Moritz Schlick, miaka 54. Muuaji ni Johann Nelböck, miaka 33.

Kwa upande wa upelelezi hapo hakuna kazi. Aliyefyatua anajulikana, bastola ipo, na mwenyewe hakani. Ndo maana mi sitaki kuichambua kama kesi ya mauaji, nataka tuangalie kilichokuja baada ya risasi, manake hata wiki tatu hazikuisha kuna gazeti Austria lilishamgeuza marehemu kuwa mshtakiwa na muuaji kuwa mtu wa kuhurumiwa, na miaka miwili baadaye serikali ikatenda kulingana na hiyo stori. Na ajabu yenyewe, huyu marehemu maisha yake yote alikuwa anafundisha namna ya kugundua maneno ambayo hayana kitu ndani. Alitengeneza dawa, alafu wakamzika na hiyo dawa yake bila mtu kuitumia.

Tuanze na nani huyu Schlick, kwa sababu ukimjua ndo utaona ule uongo ulivyokuwa mkubwa.

Kazaliwa Berlin tarehe 14 Aprili 1882, familia ya Kiprotestanti yenye hela, baba yake meneja wa kiwanda. Upande wa mama ukoo ni wa kina Arndt, ule ule wa Ernst Moritz Arndt, mshairi ambaye wazalendo wa Kijerumani walikuwa wanamuimba kila siku. Liweke hilo kichwani tutalihitaji baadaye. Chuoni hakuanza na falsafa, alisoma fizikia, na udaktari wake wa 1904 alisimamiwa na Max Planck, yule yule wa kwanta, kuhusu jinsi mwanga unavyorudi ukikutana na tabaka ambalo halifanani kote. Yaani huyu siyo mtu aliyekimbia hesabu akajificha kwenye falsafa, hapana, hesabu aliziweza, ila akaona maswali yanayomnyima usingizi siyo ya maabara. Kitabu chake cha mwanzo cha 1908 wala hakikuhusu sayansi, kilihusu furaha na namna ya kuishi vizuri. Alafu akaenda Rostock, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, akafundisha huko kama miaka kumi bila makelele.

Kilichomtoa ni Einstein. Mwaka 1915 Schlick aliandika makala kuhusu maana ya kifalsafa ya nadharia ya uhusianifu, na Einstein alipoisoma akamwandikia barua kumwambia kwamba ni kati ya vitu bora kabisa vilivyokwishaandikwa kuhusu nadharia hiyo. Hebu fikiria, wanafalsafa kibao wakati huo walikuwa wanabishana na Einstein bila kuelewa milinganyo yake, alafu anatokea mmoja ambaye kaelewa fizikia yenyewe na anaweza kuieleza kwa lugha ya watu. 1917 akatoa kitabu kuhusu nafasi na wakati katika fizikia ya siku zile, 1918 akatoa kile kikubwa cha nadharia ya ujuzi. 1921 Kiel, na 1922 Vienna wakamwita.

Alichopewa Vienna hakikuwa kiti cha kawaida. Kilikuwa kigoda cha falsafa ya sayansi ambacho kilianza na mwanafizikia Ernst Mach mwaka 1895, akakikalia pia mwanafizikia mwenzake Ludwig Boltzmann. Aliyempigania Schlick akipate ni mwanahisabati Hans Hahn, na huyo Hahn alikuwa na mpango wake, alitaka mtu wa kuwakusanya wale wote waliokuwa wanaongelea sayansi na mantiki kila mmoja kivyake. Ikawa hivyo. Kuanzia 1924 wakawa wanakutana Alhamisi jioni kwenye jengo la hisabati, mtaa wa Boltzmann, na hicho kikundi ndo dunia ikaja kukiita Mduara wa Vienna. Humo ndani ukimkuta Hahn, Otto Neurath mnene mwenye sauti kubwa na siasa za mrengo wa kushoto, Rudolf Carnap kuanzia 1926, Friedrich Waismann, Herbert Feigl, na kijana mmoja mkimya sana anakaa anasikiliza tu, Kurt Gödel, ambaye baadaye ndo akaja kuonyesha kwamba hesabu haiwezi kujikamilisha yenyewe. Wageni wakawa wanatoka mbali, wanafalsafa kama Ayer kutoka Uingereza na Quine kutoka Marekani.

Schlick katikati ya hao wote alikuwa mtu wa aina nyingine. Mpole, sauti ya chini, adabu za kizamani, hapendi mikutano ya hadhara wala mabango. Mwaka 1929 Bonn Ujerumani wakamtaka, akakataa, akabaki Vienna, wenzake wakafurahi wakamwandalia zawadi, ilani ya kikundi yenye jina lake kwenye tabaruku, wakati yeye yuko Stanford Marekani anafundisha kama profesa mgeni. Aliporudi akaikuta. Inasemekana hakuipenda sana kwa sababu ya ule mtindo wa kupiga tarumbeta, na mimi namuelewa kabisa, mtu amezoea kuongea polepole alafu unamkabidhi ilani.

Sasa wazo lenyewe, manake bila hilo kisa hakisomeki. Schlick alisema hivi: kama unataka kujua sentensi ina maana gani, uliza ingethibitishwaje. Kitu gani kingekuwa tofauti duniani kama ni kweli, na kitu gani kingekuwa tofauti kama ni uongo? Kama jibu ni kwamba hakuna tofauti yoyote, hata ya kufikirika, basi hujasema kitu, hata kama umesema kwa sauti nzito. Kuna mfano ambao aliutumia mwenyewe kwenye kile kitabu cha nafasi na wakati: mtu akikwambia usiku wa jana kila kitu duniani kimekua kwa kiwango kile kile, nyumba, miili yetu, rula, kila kitu, utamkamataje? Ukipima unapata namba zile zile. Kwa hiyo hajakupa habari, kakupa sauti tu. Angalia sasa, Schlick hakusema kwamba kitu kisichothibitishwa leo ni uongo. Alisema lazima angalau tujue njia ingekuwaje, hata kama hatuwezi kuipita sasa hivi. Watu wengi wanaomponda hapo ndo wanapokosea, na waliomponda 1936 walikosea hapo hapo, wengine kwa makusudi.

Je, wazo hili lina matatizo? Lina matatizo mengi tu. Je, hicho kigezo chenyewe kinathibitishwaje? Na sheria za sayansi zinazosema "kila" na "siku zote", utazithibitishaje zote? Mwanafalsafa Karl Popper alibishana nao maisha yake yote juu ya hayo, na Popper huyo huyo mtihani wake wa udaktari wa 1928 Schlick alikuwa mmoja wa watahini. Hata ndani kwa ndani Schlick na Neurath walivutana vibaya kuhusu msingi wa ujuzi ni upi. Sasa huo ndo ulikuwa ugomvi, wa makala kujibiwa kwa makala.

Nelböck aliingia wapi? Ni kijana kutoka familia ya wakulima wa mkoa wa Austria ya Juu, kaja Vienna kusoma falsafa katikati ya miaka ya ishirini, kamaliza udaktari 1931 chini ya Schlick na tasnifu iliyohusu nafasi ya mantiki katika fikra hizo hizo za kina Schlick. Mwaka huo huo wa 1931 vitisho vikaanza. Kilichokuwa kinamsumbua kichwani ni kwamba kulikuwa na mwanafunzi mwenzake, msichana, yeye kampenda na msichana hana habari naye, na Nelböck akajijengea imani kwamba profesa ana uhusiano na huyo msichana. Akamtishia Schlick kumuua. Akapelekwa kwenye kliniki ya magonjwa ya akili, akapimwa, akapewa jina la ugonjwa wake, akatoka, akarudia, akapelekwa tena. Schlick akawa anatembea na ulinzi wa polisi. Siku zikapita, miezi ikapita, hakuna kilichotokea, mwisho Schlick akaona aibu kuendelea kuomba bodigadi, akamwambia mwenzake mmoja kwamba anaogopa polisi wameanza kufikiri mwenye kichaa ni yeye. Hiyo kauli mimi huwa inanichoma. Mtu anatishiwa kwa miaka na mwisho yeye ndo anajiona msumbufu.

Alafu ikaja ishu ya kazi. Nelböck alikuwa afundishe madarasa ya elimu ya watu wazima, nafasi ikayeyuka baada ya historia yake ya hospitali kujulikana, na yeye akaamini kabisa kwamba nyuma yake kuna mkono wa Schlick. Kwa mtu ambaye tayari ana adui mmoja kichwani, kila mlango unaofungwa ni yule adui kaufunga.

Nje ya chuo nako hali ilikuwa imechafuka, na hapa sitakaa sana. 1933 Kansela Dollfuss kalifunga bunge, Februari 1934 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya siku chache, wasoshalisti wakapigwa, na serikali ya kikatoliki-kidikteta ikakaza kamba. Kulikuwa na Chama cha Ernst Mach, ambacho ndo kilikuwa kinapeleka mawazo ya Mduara kwa watu wa kawaida, mwenyekiti wake Schlick. Kikafutwa kwa kusingiziwa siasa. Schlick akawaandikia polisi kupinga, kwamba chama hiki ni cha sayansi tu, na tena yeye binafsi hakuwa mtu wa kushoto, alikuwa na matumaini kwamba Dollfuss ndo angemzuia Hitler. Hawakumsikiliza. Neurath akaishia Uholanzi ukimbizini, Hahn akafariki 1934, Carnap na Feigl wakawa wameenda Marekani, na Waismann, ambaye alikuwa Myahudi, akaondolewa kazi yake ya maktaba mwanzoni mwa 1936. Mduara ulikuwa umebaki na kiini kimoja, Schlick. Ndo huyo akapigwa risasi.

Tuingie kwenye uchambuzi sasa. Swali la kwanza, kwa nini Nelböck aliua? Mimi naangalia tarehe. Vitisho vilianza 1931. Mwaka 1931 Hitler hajachukua Ujerumani, bunge la Vienna bado liko wazi, Chama cha Mach kinafanya semina zake kama kawaida. Kwa hiyo mtu akiniambia sababu ya mauaji ni siasa za 1936, namuuliza mbona hasira imetangulia siasa kwa miaka mitano? Kilichokuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho ni mtu mgonjwa, mapenzi ya upande mmoja, na baadaye kazi iliyopotea. Hayo yana kumbukumbu, yana tarehe, yana madaktari.

Nalisema hili kwa sababu saivi kuna upotoshaji wa upande wa pili, utakuta mtu anaandika kwa haraka "Schlick aliuawa na Mnazi". Hapana. Nelböck hakuua kama Mnazi. Vazi hilo alivalishwa na kujivalisha baadaye, lilipokuwa na faida. Chuo chenyewe cha Vienna kimeweka maandishi pale kwenye ngazi yanayosema hali ya hewa ya kifikra iliyotiwa sumu na ubaguzi wa rangi na kutovumiliana ilichangia tendo lile. Naheshimu nia ya walioweka, na siwezi kukataa kwamba mgonjwa naye anapumua hewa ile ile ya mji. Ila kwangu ushahidi wa sumu ile uko wazi zaidi baada ya saa tatu na nusu ya asubuhi ile kuliko kabla yake.

Manake angalia kilichofuata. Tarehe 12 Julai 1936, siku ishirini tu toka mauaji, jarida la kikatoliki la Vienna lililoitwa Schönere Zukunft lina makala. Mwandishi kajificha nyuma ya jina "Prof. Dr. Austriacus". Baadaye ikaja kujulikana ni Johann Sauter, mtu wa chuo hicho hicho, kwa hiyo mfanyakazi mwenzake na marehemu. Makala inaanza na masikitiko kidogo alafu inageuka, ni kama jirani kaja msibani kudai deni. Inasema watu wanadanganywa kwamba muuaji ni mgonjwa wa akili. Ukweli, kwa mujibu wake, ni kwamba Nelböck aliharibiwa na falsafa ya Schlick, falsafa inayokanusha Mungu, inayokanusha roho, inayomwona binadamu kama rundo la chembe, na kwa hiyo ukimfundisha kijana hivyo usishangae akija kukuua. Inasema Schlick alikuwa kipenzi cha Wayahudi wa Vienna. Inasema vigoda vya falsafa katika nchi ya Kikristo ni vya wanafalsafa wa Kikristo. Na inamalizia kwa kutumaini kwamba mauaji haya yataharakisha suluhisho la kuridhisha kweli la suala la Wayahudi.

Soma hiyo ya mwisho tena. Mwaka ni 1936.

Sasa chukua kile kipimo cha marehemu ukiweke juu ya dai kuu la makala hii, kwamba falsafa ya Schlick ndo iliyomuua. Tuulize, kitu gani kingekuwa tofauti kama dai ni kweli? Kama mafundisho yale yanazaa wauaji, basi wapo vijana kibao waliopita kwenye darasa lile lile na wakanywa kwenye chungu kile kile: Feigl, Gödel, Waismann, na wengine waliokuja kuwa waalimu na waandishi. Nani kati yao aliua? Gödel, kaka yake alikuja kusimulia kwamba habari ya mauaji yale ilimvunja kabisa akaishia kulazwa. Popper alimpinga Schlick kwa kalamu mpaka kaburini. Basi Austriacus akiambiwa hivyo atasema nini? Atasema wale wengine walikuwa na kinga fulani, au sumu yao bado haijachacha. Yaani mwanafunzi akiua, falsafa ni mbaya, asipoua, falsafa bado ni mbaya. Hakuna matokeo yoyote duniani ambayo yangemfanya akiri kwamba kakosea. Kwa lugha ya Schlick hiyo wala siyo hoja ya uongo, bado haijafika hata hatua ya kuwa uongo.

Na yale madai ambayo kweli yanaweza kuthibitishwa, ukiyathibitisha yanaanguka moja baada ya jingine. Eti Schlick alikanusha roho na maisha baada ya kifo. Basi mwezi ule ule wa Julai 1936, mwandishi akiwa tayari kaburini, jarida moja la falsafa Marekani lilichapisha makala yake kuhusu maana na uthibitisho, na humo anajadili hasa swali la kuendelea kuishi baada ya kufa. Jibu lake? Kwamba hilo siyo swali tupu hata kidogo, ni swali lenye maana kamili, kwa sababu njia ya kulithibitisha ipo, nayo ni subiri ufe. Kwa hiyo wakati Vienna wanamzomea kwamba kaikataa roho, Wamarekani wanasoma maneno yake anaitetea kama nadharia halali inayosubiri ushahidi. Na aliyeandika hivyo tayari alishakufa. Mi nikifika hapo huwa nashindwa nicheke au nifanyeje.

Eti alifundisha kukata tamaa. Kitabu chake cha kwanza ni cha furaha, 1927 akaandika makala ndefu kuhusu maana ya maisha akisema maana hiyo iko kwenye ujana, yaani kufanya jambo kwa kulipenda lenyewe na siyo kwa faida ya mbele, 1930 akatoa kitabu kizima cha maadili ambamo anasema wema na furaha haviko mbali mbali kama wahubiri wanavyotutisha. Mtu anaweza kusema ni mawazo mepesi, sawa, mimi mwenyewe naona yana wepesi fulani wa mtu ambaye hajawahi kulala njaa. Lakini kukata tamaa? Hapana bana.

Eti Myahudi, au wa Wayahudi. Hapo mkumbuke mama yake na ukoo wa Arndt. Kwa vipimo vya wabaguzi wenyewe huyu alikuwa Mjerumani wa kupitiliza, Mprotestanti wa Berlin mwenye jina la mshairi wa taifa ndani ya familia. Lakini nataka tuwe makini hapa, kwa sababu utetezi wa "mbona hakuwa Myahudi" ni mtego. Ukijibu hivyo tu ukanyamaza umekubali kimya kimya kwamba angekuwa Myahudi basi sawa. Waismann alikuwa Myahudi na hakustahili hata chembe ya aliyofanyiwa. Austriacus naye hakuwa na shida na vyeti vya kuzaliwa, alijua anachofanya, alikuwa anaieneza ile dhana kwamba kufikiri kwa namna fulani, kupenda mantiki, kuhoji, ni "kiyahudi" hata akifanya nani. Ukishakubali hiyo basi kila mtu anaweza kugeuzwa.

Halafu fuata faida. Kile kigoda cha Mach na Boltzmann hakikurudi tena kwenye falsafa ya sayansi. 1937 akaletwa Alois Dempf, mwanafalsafa Mkatoliki, sawasawa na alivyotaka mwandishi wa makala. Mwaka uliofuata Wanazi wakaingia na Dempf naye wakamfukuza, manake na wao walikuwa na yao.

Kesi ya Nelböck ilisikilizwa Mei 1937. Mahakamani akaegemea ile ile stori iliyokwishapikwa magazetini, kwamba mafundisho ya profesa yalimvunjia imani yake na kumuacha bila pa kushika. Sisemi alidanganya, mtu mgonjwa anaweza kuokota maelezo yoyote yanayomsitiri na akayaamini. Ila angalia utaratibu wake: kwanza gazeti linaandika sababu, alafu mshtakiwa anaitaja sababu, alafu watu wanasema mmeona, hata mwenyewe kakiri. Majaji wakaona akili yake inatosha kuwajibika, wakampa miaka kumi jela. Kunyongwa akaponea.

Miaka kumi hakuimaliza, wala nusu yake. Machi 1938 Hitler anaimeza Austria, na Nelböck anaomba msamaha kwa watawala wapya akijieleza kama mtu aliyeliondolea taifa mwalimu mwenye mafundisho ya kiyahudi yenye madhara. Nani akamuunga mkono? Sauter, yule yule Austriacus. Oktoba 1938 akatolewa kwa masharti. Kwa maneno mengine ile makala ya Julai 1936 ilikuja kufanya kazi kama ufunguo wa gereza. Baadaye akapata kazi kwenye ofisi iliyoshughulika na jiolojia ya mafuta, akaishi Vienna kama raia wengine wakati waliokuwa wanakaa naye darasani wako London, Chicago, au hawapo tena.

Kuna wanaofundisha historia ya falsafa ya sayansi wakasema Mduara wa Vienna "ulisambaa", kama vile watu waliamua tu kuhama mtaa. Mi naona hiyo lugha ni ya ukarimu mno. Mawazo yao yalishinda vyuo vikuu vya Marekani, ni kweli, na Carnap na Feigl walijenga huko shule kubwa, lakini Vienna yenyewe iliwatema, na walioandika ile hukumu ya kuwatema walikuwa maprofesa wenye shahada, siyo wahuni wa mtaani.

Na hata vita ilipokwisha mambo hayakunyooka. Mmoja wa wachache waliobaki Vienna kutoka kwenye Mduara ni Viktor Kraft, ambaye 1938 aliondolewa kazini kwa sababu mke wake ni Myahudi. Mwaka 1950 Kraft akatoa kitabu cha historia ya kile kikundi chao, na alipofika kwenye kifo cha Schlick akaandika kwamba aliuawa na mgonjwa wa akili mwenye kuwaza anaonewa. Mwaka 1951 Nelböck akamfungulia kesi ya kuchafuliwa jina. Yaani muuaji aliyehukumiwa, ambaye aliwahi kulazwa kliniki mara mbili, anamshtaki mwanafalsafa mzee kwa kumwita mgonjwa. Mtu akiniuliza kwa nini Kraft hakusimama akapambana, nitamwambia aende akasome tena habari za Schlick na bodigadi wake. Kraft alimjua huyu jamaa, alijua amewahi kufanya nini kwa profesa aliyedhani kamkosea, na akakubali wamalizane kwa maelewano. Nelböck akafariki 1954, akiwa na jina lililosafishwa kwenye karatasi.